NANI ALIULIZWA? Historia ya kupangwa kwa mji wa Lubumbashi na ya wakaaji wake



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuhesabu mapadri waliotangulia, ubatizo, ndoa na nyumba zilizojengwa. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine. Sisi tumeombwa kueleza jambo lililo pana zaidi, ndilo mji wenyewe ambamo parokia zetu zimezaliwa. Mgeni anayefika Lubumbashi kwa mara ya kwanza huona mambo mawili yasiyopatana. Katikati ya mji anaona avenyi pana, zilizonyoka, zenye miti ya jakaranda kandokando. Akizidi kutembea anafika penye kartie ambamo njia zinapinda kufuata nyumba, ambamo mvua ikinyesha udongo unakuwa mto, na ambamo mama anaamka kabla ya jogoo ili apate nafasi yake kisimani. Mgeni huyo hutuuliza: je, huu ni mji mmoja au miwili?

Tunamjibu kwamba mji ni mmoja, na kwamba hali hiyo haikutokea bure. Ilichorwa na watu, kwa rula na kwa sheria, na watu wengine wakaiendeleza. Tukiifuata historia tangu mwaka wa 1910 tutakuta ulizo moja likirudi katika kila kipindi: mji ulipopangwa, nani aliulizwa? Tutaona kwamba wakaaji wa mitaa ya nje waliitwa sikuzote kutoa mikono yao, lakini ni mara chache walipoitwa kutoa shauri lao.

I. MJI ULIOCHORWA KARATASINI

Mahali tunapokaa palikuwa zamani inchi ya Walamba, watu wa chifu Kaponda. Shaba ilikuwa imejulikana na mababu tangu karne nyingi; waliichimba, wakaiyeyusha na kuifanya misalaba midogo iliyotumika kama feza. Wazungu walipofika hawakuvumbua shaba. Walileta reli na tanuru kubwa.

Mwaka wa 1900 kulianzishwa Comité Spécial du Katanga, iliyopewa mamlaka ya kutawala na kugawa udongo wa Katanga. Mwaka wa 1910 reli iliyotoka kusini, kwa njia ya Sakania, ilifika hapa. Tanuru la kuyeyushia shaba ya mgodi wa Étoile, kule Kalukuluku, lilijengwa karibu na mto Lubumbashi. Shaba ya kwanza ilitoka humo mwaka wa 1911. Mkubwa wa Leta wakati ule, Émile Wangermée, alichagua mahali pa mji, nao ukapewa jina la Elisabethville, kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Ramani yake ilikuwa ya miraba, avenyi zikikutana kama nyuzi za wavu, kwa mfano wa miji ya kusini kama Bulawayo.

Ramani ile ilikuwa nzuri kwa macho, na hata leo wageni huisifu. Lakini tuangalie ilichoacha. Wafanyakazi waliojenga reli, waliolisha tanuru, waliobeba matofali, hawakuwa na mahali ndani ya miraba ile isipokuwa nyuma ya nyumba za mabwana zao, katika vyumba vidogo vya watumishi. Kwa wengine ilitengwa site ya wenyeji, kusini ya mji. Chifu wa inchi hakuulizwa, wala wafanyakazi hawakuulizwa. Bula Matari alipima, akaandika, akagawa.

II. UWANJA MTUPU KATIKATI

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Leta iliona kwamba site ile ya kwanza ilikuwa karibu mno na mji wa Wazungu. Iliondolewa, na wakaaji wakahamishwa mbali kidogo, katika site mpya iliyoitwa Albert kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Ndiyo Kamalondo ya leo. Kati ya site mpya na mji wa Wazungu uliachwa uwanja mtupu, wenye upana wa mita mia tano na zaidi. Wapangaji waliuita eneo la katikati, lisilo la upande wowote.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiganga. Walisema kwamba mbu anachukua malaria kutoka kwa Mwafrika na kuipeleka kwa Mzungu, na kwamba mbu hawezi kuruka mbali namna ile. Lakini usiku uleule watumishi wa nyumba walilala nyuma ya nyumba za mabwana zao, hatua chache tu na kitanda cha Mzungu. Mbu wa watumishi hao hakuogopwa, kwa sababu kazi yao ilihitajiwa alfajiri. Hapo tunaelewa kwamba uwanja ule ulikuwa na maana nyingine: ulitenga watu. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya bwana wake.

Tusidhani kwamba ukuta huo wa hewa ulitenga makundi mawili tu. Karibu na mpaka wake walifungua maduka yao Wagiriki, Waitaliani, Wareno na Wayahudi, ambao Wabelgiji wakubwa hawakuwaona kuwa sawa nao kabisa. Mji ulikuwa na ngazi, na kila mtu alionyeshwa ngazi yake kwa mahali alipokaa.

Na Misioni? Katika kitabu cha jubilei haifai kuficha. Wabenedikto walifika mwaka wa 1910, nao Wasalesiani mwaka wa 1911. Walifungua masomo, walifundisha ufundi, walitunza wagonjwa, na wengi kati ya wazee wetu walijua kusoma kwa sababu yao. Lakini udongo wa makanisa na wa masomo ulitolewa na wale wale waliochora mstari, na feza za masomo mengi zilitoka kwa Leta na kwa kampuni. Kwa hiyo Misioni ilikaa mara nyingi upande wa yule aliyeshika rula. Walikuwapo wamisionere waliohuzunika kwa jambo hilo. Lakini mstari ulibaki.

III. KAMPUNI ILIYOKUWA BABA NA MAMA

Kando ya site ya Leta kulikuwa mji mwingine tena, ndio kambi za Union Minière. Mwanzoni kampuni ilichukua wanaume kutoka mbali kwa miezi michache, kisha ikawarudisha kwao. Wengi walikufa kwa ugonjwa na uchovu, na kutafuta wapya kuligharimu feza nyingi. Tangu mwaka wa 1928 kampuni ilibadili njia: ilitaka mfanyakazi akae miaka, aoe, azae na alee watoto kambini. Ilimpa nyumba, posho, dawa, na masomo kwa watoto wake. Watu wakazoea kusema kwamba kampuni ni baba na ni mama.

Neno hilo lilikuwa la shukrani, na wazee waliolisema hawakudanganya. Mtoto wa kambi alikula na alisoma, wakati mtoto wa kijijini alikosa. Lakini baba huyo hakuuliza watoto wake. Alipanga saa ya kuamka, alipanga kipimo cha unga, alipanga idadi ya vyumba. Aliyefukuzwa kazini alipoteza na nyumba yake. Udongo haukuwa wake, paa halikuwa lake, na hata mti wa embe alioupanda uani ulibaki nyuma yake.

Tarehe 9 Desemba 1941 tuliona mwisho wa njia hiyo. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya vitu, mishahara haikutosha. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira, wakaomba kusikilizwa. Askari walifyatua bunduki juu ya mkutano huo. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake. Siku ile watu waliouliza badala ya kungoja kuulizwa walijibiwa kwa risasi. Ni lazima watoto wetu walijue jambo hilo, kwa sababu mji huu ulijengwa pia na damu yao.

Upande wa site, Leta ilikuwa imeanzisha mwaka wa 1932 kile kilichoitwa centre extra-coutumier, maana yake mahali pa Waafrika waliotoka katika utawala wa machifu wa kijijini. Centre ilikuwa na mkubwa wake Mwafrika na baraza lake. Lakini mkubwa yule na washauri wake walichaguliwa na Leta, na juu yao alikaa Mzungu wa Leta. Waliweza kuamua mashauri ya watu na kukusanya kodi; kuhamisha mstari wa ramani hawakuweza.

IV. WAKAAJI WANAJENGA

Baada ya vita vya 1940–1945 watu walimiminika mjini. Kamalondo ilikuwa imejaa tangu zamani, na Kenya, iliyofunguliwa kando yake karibu na mwaka wa 1930, ikajaa nayo. Hapo ndipo zilipozaliwa Katuba na Ruashi, katika miaka ya 1950. Tupumzike kidogo mahali hapa, maana komini hizo mbili zinatufundisha njia mbili za kujenga mji.

Njia ya kwanza inaitwa kwa jina la Ferdinand Grévisse, mtumishi wa Leta aliyesimamia centre ya Elisabethville. Leta ilimpa mkaaji parsele na mkopo wa vifaa: simenti, mabati, milango. Mkaaji alijenga mwenyewe, au alitafuta fundi, akisimamiwa na watu wa ufundi, kisha akalipa deni pole pole. Wengi katika Katuba walipata nyumba zao kwa njia hiyo. Nyumba hizo hazikufanana zote, kwa sababu kila mmoja alijenga kwa kadiri ya watoto wake na ya mfuko wake. Nyingi zingali zimesimama, zimeongezwa chumba huku na baraza kule.

Njia ya pili ni ya Office des Cités Africaines, iliyoanzishwa mwaka wa 1952. Ofisi hiyo ilijenga yenyewe, nyumba mfululizo, kwa ramani chache zilizorudiwa, pamoja na njia, masomo na soko. Kule Ruashi watu walikuta nyumba zimekwisha, wakapewa funguo. Kazi ilikwenda mbio, na nyumba zilikuwa imara. Lakini mwenye nyumba alikuwa mgeni katika ramani ya nyumba yake.

Tukilinganisha njia hizo mbili, tunaona kwamba ile ya kwanza ilimheshimu mkaaji zaidi. Alichagua, alikadiri, alijifunza, na alibaki na kitu mkononi. Hata hivyo kuna ulizo ambalo hata Bwana Grévisse hakuwauliza watu: Katuba iwe wapi? Ruashi iwe wapi? Ruashi iliwekwa mbali, kuelekea mgodi wa Étoile. Mtumishi aliyefanya kazi mjini alihesabu kilometa zake asubuhi na jioni kwa miguu au kwa kinga. Mkaaji aliachiwa ukuta wa nyumba yake. Mahali pa nyumba paliamuliwa na wengine. Tofauti hiyo, kati ya kushiriki kwa mikono na kushiriki kwa shauri, ndiyo inayotuumiza mpaka leo.

V. KURA YA MWAKA WA 1957

Mwaka wa 1957 Leta ilitoa sheria mpya ya miji, na mwezi wa Desemba mwaka ule wanaume wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville (Likasi ya leo) walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wanawake hawakuitwa. Elisabethville iligawanywa katika komini: ile ya Wazungu katikati, na zile za Albert, Kenya, Katuba na Ruashi. Kila komini ilipata baraza lake na burgumestre wake. Kwa mara ya kwanza, Mwafrika wa mji huu aliulizwa.

Furaha ilichanganyika upesi na uchungu. Katika komini nne za Waafrika, waburgumestre watatu walikuwa wenye asili ya Kasai na mmoja wa Maniema. Watu wenye asili ya Katanga walijiona wageni katika inchi yao, na mwaka uliofuata kilizaliwa chama cha Conakat. Tunajua yaliyofuata: kujitenga kwa Katanga tangu tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963, na mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Waluba waliokimbia nyumba zao za komini na kukaa katika kambi ya wakimbizi, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, mjini humuhumu. Tena katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, wakangoja gari la moshi wiki na miezi.

Tunayakumbuka mambo hayo bila kutafuta kuwasha moto upya, kwa sababu yanatufundisha kitu juu ya kupanga mji. Kwa miaka karibu hamsini watu walikuwa wamewekwa pamoja, lakini hawakupewa nafasi ya kuamua pamoja hata mambo madogo: kisima, mfereji, soko. Walipopewa kura siku moja, kila mmoja alitafuta ndugu yake wa kabila, kwa kuwa hakuwa amezoea kumtafuta jirani yake wa avenyi. Kushauriana ni kazi inayotaka mazoezi, na mazoezi hayo tulinyimwa.

Katika miaka hiyo hiyo iliandikwa kazi moja ambayo kila mkaaji wa mji huu angefaa kuijua. Mwaka wa 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa kitabu kidogo, kilichopigwa kwa mashini, chenye jina la Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Aliyekiandika ni André Yav, kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Kinaeleza historia ya mji kama ilivyoonekana na wapishi, wafuaji wa nguo na walinzi. Kitabu hicho kilifahamika mbali baada ya Johannes Fabian kukichapisha pamoja na maelezo yake mwaka wa 1990. Hivyo watumishi waliolala nyuma ya nyumba, ambao ramani haikuwaandika, ndio walioandika historia yao wenyewe bila kungoja ruhusa ya mtu.

VI. MJI UNAPANUKA BILA RAMANI

Mwaka wa 1966 Elisabethville ilipata jina la Lubumbashi, na watu wakaimba kwamba ni wantanshi, maana yake wa kwanza. Mwaka ule sheria Bakajika ilirudisha udongo mikononi mwa Leta ya Kongo, na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Mtu hupewa haki ya kuutumia tu. Haki hiyo hushuhudiwa na cheti cha kuandikishwa. Sheria ya kupanga miji, ile ya tarehe 20 Juni 1957, iliyotungwa na wakoloni, ilibaki msingi kwa miaka mingi sana.

Tuangalie namna sheria hizo zinavyomfikia mtu mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1984 ilikuta katika Lubumbashi zaidi ya watu nusu milioni. Makadirio ya siku hizi yanapita milioni mbili. Watu hao hawakuweza kuingia katika miraba ya 1910. Walikwenda nje, katika komini Annexe inayozunguka komini nyingine sita, Kasungami, Luwowoshi na mahali pengine. Huko mtu hununua parsele kwa mkubwa wa kijiji au kwa mwenye shamba. Mkubwa wa kartie anaandika karatasi. Komini inatoa karatasi nyingine ya parsele. Mnunuzi anafikiri amemaliza. Lakini mbele ya sheria karatasi hizo si cheti, na njia ya kufikia cheti ni ndefu na ya bei kali. Aliye na feza na rafiki ofisini anaimaliza. Mjane au fundi baiskeli anabaki na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka siku anapofika mwingine mwenye cheti cha parsele ileile. Udongo mmoja umeuzwa mara mbili, na maskini ndiye anayeondoka.

Mabomba ya maji nayo yanafuata ramani ya zamani. Regideso ilirithi mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya mji wa Wazungu, kambi za kampuni na site zilizopangwa. Kartie zilizoota baadaye zimebaki nyuma. Watu wanachimba visima uani, mara nyingi karibu na choo, kwa kuwa parsele ni ndogo. Na wakati wa mvua kolera inajua njia. Hivi, mtoto anayezaliwa leo katika kartie ya pembeni anakunywa maji machafu kwa sababu ya mstari uliochorwa kabla babu yake hajazaliwa.

Wakati wa chama kimoja tuliitwa salongo. Kila mtu alichukua jembe na panga, akafagia njia, akazibua mfereji. Kazi yenyewe ilikuwa na faida, na mababu zetu walijua kusaidiana kabla ya neno hilo kuja. Lakini katika salongo amri ilishuka kutoka juu. Tuliambiwa wapi pa kufagia na siku gani. Hatukuulizwa mfereji upite wapi. Ndiyo maana watu waliiacha mara mkubwa alipogeuza kisogo.

VII. KAMPUNI INAPOANGUKA

Union Minière ilikuwa mali ya Leta mwaka wa 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka wa 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka wa 1991 yakaja maporomoko ya namna nyingine, unyang'anyi wa mali mijini. Na mwaka wa 1994 shaba iliyotoka haikufika tani 40,000. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa feza kidogo ili waache kazi. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari.

Baba na mama walikuwa wamekufa, na watoto hawakuwa wamefundishwa kujitegemea. Katika kambi hakuna mkaaji aliyejua nani atengeneze paa la soko au pampu ya maji, kwa kuwa tangu 1928 kampuni ilikuwa imefanya yote. Lakini tumeona pia jambo jingine, ambalo hesabu za kampuni hazikulitazamia. Wamama walianza kuuza unga, samaki na makaa. Walitengeneza likelemba, kila mmoja akipokea kwa zamu. Walilipa masomo ya watoto. Uani wa kambi, uliopangwa kwa maua, ulilimwa mahindi na lengalenga. Mji uliendelea kuishi kwa sababu ya mashauri ya chini, yaliyofanywa kizingitini bila muhuri wa mtu.

Baadaye kampuni mpya zilikuja, na migodi na viwanda vikafanya kazi tena karibu na nyumba za watu. Mwaka wa 2009 waganga wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita watu wa mbali. Ramani ya 1910 ilijua kuweka nyumba za wakubwa mbali na taabu. Ramani za leo hazijajifunza kuwalinda wadogo.

VIII. ULIZO LINABAKI

Je, leo nani anaulizwa? Tuseme haki: milango kadhaa imefunguka. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaitambua komini kuwa na nafsi yake mbele ya sheria, na baraza lake. Tarehe 20 Desemba 2023 wakaaji wa Lubumbashi, wanawake na wanaume, walichagua washauri wa komini. Tena sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inaamuru kwamba katika kodi inayolipwa kwa madini yanayotoka, sehemu ya 15 kwa mia iende moja kwa moja kwa komini au sekta ambamo yanachimbwa. Na kila kampuni ya madini iandikiane na wakaaji wa mahali orodha ya kazi itakazofanya kwa ajili yao.

Hayo ni maneno makubwa. Baba wa Ruashi wa mwaka wa 1957 asingeyasadiki. Lakini sheria haitembei yenyewe. Feza ya madini inaweza kufika komini na kuishia katika jengo moja la kupendeza macho, huku mfereji wa kartie ukizidi kubomoka. Orodha ya kazi inaweza kutiwa sahihi na watu watano waliochaguliwa na kampuni yenyewe. Hapo tungerudi mwaka wa 1932, wakati washauri walipokuwako na shauri halikuwako.

Kwa hiyo tunawaletea waparokia maulizo matatu, yaliyotoka katika historia hii, ili yabebwe katika kila mkutano ambamo mambo ya mji yanaongelewa. La kwanza: kazi hii imeamuliwa lini, na sisi tulikuwa wapi? Ikiwa yote yamekwisha kuamuliwa, basi tunaitwa kwa salongo tu, na tuseme hivyo kwa adabu. La pili: nani hayupo hapa? Mara nyingi hayupo mpangaji wa chumba, hayupo mjane, hayupo kijana, hayupo yule aliyefika juzi kutoka jimbo lingine. Na maji yanayoharibika yanawaharibikia wao kwanza. La tatu: karatasi iko wapi? Neno la mdomo limetupoteza sana. Hesabu ya komini, ramani ya kartie, orodha ya kampuni, vyote ni karatasi ambazo mkaaji anaweza kuomba kuona.

Jumuiya zetu ndogo za kikristu zinaweza kusaidia hapa bila kugeuka chama cha siasa. Zinakutana avenyi kwa avenyi. Zinajua ni nyumba gani imeingiwa na maji na ni kisima gani kimekauka. Ndani yake Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga, Mbemba, Msanga na Mtetela wanakaa benchi moja na kuzoea kusikilizana, jambo ambalo site ya zamani haikuwafundisha. Mapadri wageni watakaotutembelea tunawaomba wasiangalie tu jengo la kanisa. Waombe kupelekwa mpaka mwisho wa kartie, pale njia inapoishia, wasikilize.

Tumeona kwamba mstari wa mwaka wa 1910 ulichorwa kwa siku chache, na kwamba kuufuta kumekwisha kuchukua zaidi ya miaka mia moja. Wazee wetu waliubeba mji huu mabegani. Waliujenga, waliufagia, waliuandika historia, na wengine waliufia katika uwanja wa mpira. Deni letu kwao ni kwamba watoto wetu, siku ramani mpya itakapofunuliwa mezani, wawe wameketi kuizunguka.